Msongamano wa idara ya dharura huanzia wodini

Idara ya dharura ikielemewa, kuna hospitali zinazotangaza kuwa hazipokei ambulensi kwa muda, wagonjwa wapelekwe kwingine. Marekani utaratibu huu ulizoeleka kwa miaka mingi, hadi jimbo la Massachusetts lilipoupiga marufuku kuanzia tarehe 1 Januari 2009, isipokuwa hospitali yenyewe ikipatwa na janga, mfano moto. Kazi yangu ni uigaji wa kompyuta, na hakuna swali linalonishughulisha kama hili: mlango ukifungwa, nani ananufaika?

Huwezi kulijaribu kwa wagonjwa halisi. Kwenye kompyuta nawabuni: kila mmoja na saa yake ya kufika, uzito wa hali yake, muda atakaokaa na daktari, na kama atalazwa. Mwaka mzima hupita kwa dakika chache, nami naurudia mara mamia, kwa kuwa siku moja mbaya haithibitishi kitu.

Wakuu wa hospitali hupenda wastani. Wastani hudanganya, kwa sababu watu hawaugui kwa ratiba. Chukua modeli rahisi kabisa: daktari mmoja, wagonjwa wanaofika bila mpangilio, na muda wa huduma usiotabirika. Akiwa na kazi asilimia 80 ya muda wake, mgonjwa husubiri, kwa wastani, mara 4 ya muda wa kuhudumiwa. Ikifika 90, mara 9. Ikifika 95, mara 19!

Nikiingiza wodi, chanzo huonekana. Mgonjwa ameshaonwa, ameandikiwa kulazwa, ila kitanda hakuna. Anabaki dharura juu ya machela, na muuguzi lazima amwangalie. Ongeza vitanda vya dharura, watavijaza wanaosubiri wodi. Zuia ambulensi, hao hawapungui hata mmoja. Kinachosaidia mara nyingi ni kuwaruhusu asubuhi wagonjwa waliopona, badala ya jioni, ili vitanda viwe wazi kabla ya wimbi la mchana.

Halafu kuna hospitali jirani. Ya kwanza ikifunga, ya pili hujaa, nayo hufunga. Modeli ya hospitali moja haitaliona hilo. Itasema mambo yamekuwa nafuu, kumbe mgonjwa aliyegeuzwa mlangoni ametoka tu kwenye hesabu. Kwa hiyo sikubali tena kuanza kazi bila kuweka hospitali zote za eneo na barabara zilizo kati yake, na saa ya mgonjwa naianzisha anapopakiwa kwenye ambulensi.