Jiko liwashwe mwisho

Sisi maofisa lishe tunapotembelea kaya, tunalikuta jambo hili mara nyingi: mkaa umeshakolea, sufuria iko jikoni, ndipo mtoto anatumwa dukani kufuata nyanya. Mchele haujachambuliwa, kitunguu saumu hakijamenywa. Mafuta yanatoa moshi, na mkaa, kwa bei ya sasa, unateketea bure.

Pilau ndiyo inayomuumbua mpishi wa namna hiyo. Kitunguu kikishaanza kuwa cha kahawia, hakichelewi kuwa cheusi na kichungu. Kwa hiyo kabla mafuta hayajamiminwa, kitunguu saumu na tangawizi viwe vimetwangwa, binzari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga viwe kwenye kisahani kimoja, nyama iwe imechemshwa na supu yake ipo pembeni, mchele umeoshwa na kuchuja maji. Ibaki kazi ya kutia na kukoroga tu.

Maharage yanataka uanze jana yake. Yachambue, yaroweke usiku kucha, asubuhi mwaga maji hayo na uyabandike kwa maji mapya. Yataiva upesi na kukuokolea mkaa. Maharage mekundu yana sumu ya asili iitwayo lektini, ambayo moto mdogo wa tangu mwanzo hauimalizi. Yatokote kwa nguvu angalau dakika 10, kisha ndipo upunguze moto.

Kuchambua nako si kutafuta mawe tu. Punje ya mahindi au karanga iliyoota ukungu, iliyosinyaa au kubadilika rangi itupwe, tena isipewe kuku, kwa sababu inaweza kuwa na sumukuvu, na upishi wa kawaida hauiondoi. Mwaka 2004 nchini Kenya, sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125 kati ya wagonjwa 317 waliotambuliwa, wengi wakiwa wa Makueni na Kitui. Sumu hiyo yaweza kuwamo hata kwenye punje inayoonekana nzima, kwa hiyo nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu usiinunue hata kama ni rahisi.

Kwenye mboga za majani ndiko tunakobishana zaidi na akina mama. Wengi hukata mchicha kwanza, halafu wanauosha maji mara tatu ili kutoa mchanga. Mchanga unatoka kweli, lakini vitamini C na foleti (aina ya vitamini B) nazo huyeyukia kwenye maji hayo, maana jani lililokatwa lina majeraha mengi ya kuzitolea. Osha majani yakiwa mazima, yakung'ute, kisha uyakate sufuria ikiwa tayari. Matembele na kisamvu ni hivyo hivyo, ila kisamvu kitwangwe na kichemshwe vizuri, kwani kibichi kina sumu iitwayo sianidi.

Kama una ubao mmoja na kisu kimoja, anza na vitu vya kachumbari, uviweke kwenye bakuli lenye kifuniko, nyama na samaki vije mwisho. Ukigeuza mpangilio huo, vijidudu vya nyama mbichi vinahamia kwenye nyanya ambayo haitapita motoni. Kuku aliyekwisha kusafishwa hahitaji kumiminiwa maji ya bomba, maana matone yanaruka hadi kwenye vyombo vilivyo jirani. Vijidudu vilivyo juu yake vinakufa akiiva sawasawa. Uliyemchinja nyumbani ni lazima umsafishe, basi tumia beseni, na baada ya hapo osha beseni na mikono kwa sabuni.

Nyama ya friza iyeyukie ndani ya friji, rafu ya chini. Isiachwe mezani tangu asubuhi, kwa sababu vijidudu huzaliana haraka kati ya nyuzi joto 5 na 60. Asiye na friji anunue nyama ya siku hiyo na aitayarishe karibu na saa ya kupika.

Nazi nayo isikunwe mapema, kwani tui huchacha upesi kwenye joto. Tui jepesi litangulie kuivisha chakula, lile zito litiwe karibu na kuepua. Na chumvi yenye madini joto? Itiwe mwishoni, kwa kuwa madini hayo hupungua chakula kikichemka muda mrefu. Kopo lake lifunikwe na likae mbali na mvuke wa jiko, kwa sababu unyevu nao huyapunguza.