Wastani wa alama hautuambii nani ameridhika na tamasha

Madodoso ya tamasha la kimataifa la sanaa yanapofika mezani kwangu hapa Dar es Salaam, waandaaji huniuliza kwanza ni nani ameridhika zaidi, Mtanzania au mgeni kutoka nje. Wana haki ya kuuliza, ila wastani wa alama peke yake hauwezi kuwajibu.

Mwaka 1980 Richard Oliver, mtafiti wa masoko, alieleza kwamba kuridhika hutokana na mtu kulinganisha alichokitarajia na alichokipata. Chukua Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza Zanzibar mwaka 2004. Mtalii kutoka Ujerumani hutozwa kiingilio kikubwa kuliko Mtanzania, lakini kwake tamasha ni sehemu tu ya safari yenye ufukwe na vichochoro vya Mji Mkongwe, na kuta za Ngome Kongwe zinamfurahisha hata kabla ngoma haijapigwa. Mkazi wa Dar es Salaam anayevuka kwa boti hupata kiingilio nafuu, ila nauli, malazi na chakula vyote vinatoka kwenye mshahara wake, na baadhi ya wasanii amekwisha kuwasikia huku bara. Wote wawili wakitoa alama 4 kati ya 5, bado hawajasema jambo moja.

Kuna pia suala la heshima, ambalo naona watafiti wengi hulipita haraka mno. Muulize mama aliyesimama getini na watoto wake kama ameridhika, atakujibu, "Nzuri sana mwanangu, tunashukuru," nawe ukiandika 5 utakuwa umepima adabu yake. Muulize atarudije nyumbani usiku huo, ndipo utakaposikia kwamba daladala zimeadimika, bajaji zimepandisha bei na mtoto amesinzia kabla msanii waliyemfuata hajapanda jukwaani.

Ndiyo maana napendelea njia ya watafiti wa masoko Martilla na James ya mwaka 1977, ambapo kila kipengele, kiwe sauti ya jukwaani, vyoo, ratiba au usafiri, huulizwa mara mbili: kina umuhimu gani kwako, na kimetekelezwa vizuri kiasi gani. Pengo kati ya majibu hayo hutafutwa ndani ya kila kundi kwanza, halafu mapengo ndiyo yanayolinganishwa. Pengo la usafiri likiwa kubwa kwa wageni wa ndani, fedha za maboresho zianzie hapo, hata kama wastani wao wa jumla umewapita wageni wa nje.