Kamusi haikaririwi
Watahiniwa wengi wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, hapa Kisumu huamini kwamba msamiati wa Kiingereza hupatikana kwa kukariri kamusi, kuanzia A. Sivyo. Neno lililokaririwa peke yake halikuonyeshi huandamana na maneno gani, wala kama ni la heshima au la kejeli. Hayo huonekana ndani ya riwaya, neno linapojirudia katika vinywa vya wahusika tofauti.

Mizizi ya maneno nayo husaidia. Ukijua kwamba “portare” ya Kilatini ni kubeba, basi “import”, “export”, “transport” na “portable” hayatakusumbua. Ila mizizi hudanganya pia: “portrait”, picha ya mtu, haihusiani kabisa na kubeba! Hapo ndipo kamusi inapofaa, kuhakikisha ulichokisia.