Linki ndefu ikikatika njiani: ibandike bila kuiharibu

Linki ndefu ikigoma kufunguka, mara nyingi tovuti ni nzima. Iliyoharibika ni linki. Barua pepe za maandishi matupu huvunjwa mistari kwenye herufi ya 76 au 78 hivi, kwa hiyo linki ya herufi 200 hufika ikiwa vipande vitatu. Ukibofya, kinafunguka kipande cha kwanza tu, na seva inajibu 404: ukurasa haupo.

Usibofye. Nakili kuanzia https hadi herufi ya mwisho, ubandike kwenye programu ya maandishi matupu, kisha futa nafasi zote hadi ubaki mstari mmoja. Nafasi ikisalia katikati, kivinjari huenda kikaigeuza %20, nayo anwani ikawa nyingine kabisa. Kagua pia mkiani: nukta, mkato au bano la kufunga sentensi hupenda kunata hapo. Mstari uliokatika kwenye kistari (-) ndio msumbufu zaidi, maana huwezi kujua kama kistari ni cha linki; jaribu kukiacha, kisha jaribu bila hicho.

Je, linki inaweza kupunguzwa? Tazama hii:

https://example.org/ripoti?id=482&utm_source=barua#sura3

Baada ya alama ya kuuliza ni maelekezo kwa seva, yakitenganishwa na &. Hapa id=482 ndiyo inayotaja ripoti; ukiifuta umepotea. utm_source humwambia mwenye tovuti ulikotokea tu, hivyo ifute pamoja na & yake, hakuna kitakachopungua. #sura3 haifiki hata kwenye seva. Kivinjari huitumia kukushusha hadi sura hiyo. Lakini linki ya kubadilisha nywila usiipunguze hata herufi moja, wala usimtumie mtu: ule mlolongo wa herufi ndio ufunguo wenyewe.

Urefu huficha hata utapeli. Soma sehemu iliyo kati ya // na mkwaju (/) unaofuata, ukianzia kulia. Kwenye https://example.org.ingia.test/akaunti, tovuti halisi ni ingia.test, si example.org. Ukikuta @ katika sehemu hiyo, yaliyo kabla yake si jina la tovuti hata kidogo.

Kikomo cha urefu ni tatizo la nadra siku hizi. Kivinjari cha zamani, Internet Explorer, kilikomea herufi 2,083. Linki ikizidi urefu ambao seva inakubali, seva hujibu 414: anwani ni ndefu mno.

Nawe unayetuma, ipe linki mstari wake peke yake, uizungushie < na >, kama RFC 3986, mwongozo wa mwaka 2005 wa namna ya kuandika anwani za mtandao, unavyopendekeza, na nukta ya sentensi ibaki nje.