Kusimika Sanamu Katika Mandhari ya Nairobi

Kazi yangu ni kuandaa maonyesho ya sanamu katika bustani na mashamba ya Nairobi, na kanuni ninayoishikilia ni kwamba mahali huchaguliwa kabla ya sanamu. Chini ya dari, taa hufuata matakwa ya mwandaaji. Nje, jua, udongo na upeo wa macho vina masharti yake, na mchongo uliojaa karakana huweza kuonekana kijisanamu ukiwekwa kwenye uwanda mpana usio na mti wa kuuegemeza.

Jua ndilo linalonishughulisha zaidi. Katika bustani ya sanamu ya Yorkshire, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1977, jua la adhuhuri hutokea kusini mwaka mzima, kwa hiyo mwandaaji wa huko anajua ni upande upi utakaoangazwa. Sisi tuko nyuzi moja na kidogo kusini mwa ikweta: mwezi wa Juni jua la adhuhuri huwa kaskazini, Desemba huhamia kusini, na karibu na Machi na Septemba hupita juu ya utosi, likiyafunika macho na shingo ya sanamu kwa kivuli kizito na kuififisha michirizi ya wima. Sanamu iliyoelekezwa kaskazini itapoteza mwanga wake kabla mwaka haujaisha. Ndiyo maana mimi hupendelea kuielekeza mashariki au magharibi, ambako mwanga wa asubuhi au wa jioni huujia mchongo kwa upande na kuonyesha kila alama ya patasi.

Kisha udongo. Ule mweusi unaonata, ulioenea kuelekea Athi River, huvimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, na jiwe zito lililosimikwa juu yake bila msingi wa kutosha litainama. Mimi huuondoa udongo huo, nikajaza mawe na changarawe, ndipo nikamwaga zege. Udongo mwekundu wa upande wa Karura ni mtulivu zaidi.

Mbao zinahitaji kuinuliwa mbali na mchwa. Jiwe la Kisii kutoka Tabaka ni laini kiasi cha kuchongeka kwa kisu, kwa hiyo silipendekezi penye mikono mingi, ingawa kwa uzuri wake ningelitaka kila mahali.

Anayetaka kuona sanamu na miti vikiishi pamoja aende City Park, kwenye bustani ya kumbukumbu ya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, aliyefariki mwaka 1990 na kuzikwa hapo karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, mwanasiasa na mpigania uhuru. Humo mna kazi za wachongaji wakubwa wa Afrika Mashariki, wakiwemo Elkana Ong'esa na Francis Nnaggenda. Nashauri kwenda mwendo wa saa kumi alasiri, kuizunguka kila sanamu polepole, na kutazama jinsi umbo linavyobadilika pale shina la mti linapokuwa nyuma yake badala ya anga tupu.