TB 1 kusomeka GB 931 si wizi

Mtu ananunua diski ya TB 1, anaichomeka kwenye kompyuta ya Windows, anaona GB 931, basi maneno yanaanza: ameuziwa feki, au "sistimu imekula" GB 69. Kinachosikitisha ni kwamba hata baadhi ya mafundi huitikia hivyo hivyo. Hakuna kilicholiwa.

Maana yenyewe ni fupi. Biti ni tarakimu moja, 0 au 1. Baiti ni biti 8. Kutoka hapo tunapanda kwa kilo, mega, giga na tera (KB, MB, GB, TB). Ugomvi wote uko kwenye swali moja: kila ngazi ni mara 1,000 au mara 1,024?

Kilo ni elfu. Wafaransa waliichukua kwenye Kiyunani walipoweka mfumo wa metriki mwaka 1795, na kwenye kilomita na kilogramu haijayumba mpaka leo. Waliokuja kuipinda ni watu wa kompyuta, na walikuwa na sababu. Kila chumba cha RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, kina anwani iliyoandikwa kwa biti, na kila biti unayoongeza kwenye anwani inazidisha idadi ya vyumba mara mbili: 2, 4, 8, 16, na ukifika biti ya kumi unapata 1,024. Kwa kuwa iko jirani na elfu, wakaiita kilo. Enzi hizo kumbukumbu zilikuwa ndogo, na tofauti ya asilimia 2.4 haikumuumiza mtu. Ila inakua kila ukipanda: kwenye mega inakaribia asilimia 4.9, kwenye giga 7.4, na kwenye tera ni karibu 10.

Diski haibanwi na hesabu hiyo ya anwani, ndiyo maana watengenezaji wake huhesabu kwa elfu, na TB 1 yao ni baiti 1,000,000,000,000. Windows inachukua baiti hizo hizo, inazigawa kwa 1,073,741,824, inapata 931, kisha inaandika GB. Hapo ndipo panaponikera. Hesabu yake ni sahihi kabisa. Jina ndilo la kipimo kingine. Ukifungua taarifa za diski hiyo utaona mstari mmoja una baiti trilioni moja na ushei, na pembeni yake GB 931. Ni kitu kilekile kimesomwa mara mbili.

Disketi za zamani zilizidi hata hapo. Ile iliyoitwa MB 1.44 ilikuwa na baiti 1,474,560, yaani 1.44 mara 1,000 mara 1,024, mega ambayo si ya huku wala ya kule.

Mwaka 1998 tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, IEC, ilitoa majina mapya kwa hesabu ya 1,024: kibibaiti, mebibaiti, gibibaiti, kwa kifupi KiB, MiB, GiB. Programu nyingi za Linux zinayatumia. Apple wao waliamua mwaka 2009 kuhesabu kwa elfu, kwa hiyo diski ileile ukiichomeka kwenye Mac inasomeka TB 1.

Suala la kasi ya intaneti ni jingine, nalo ni jepesi: Mbps ni megabiti, b ndogo. Gawa kwa 8. Laini ya Mbps 20 inashusha MB 2.5 kwa sekunde, na haijapunguzwa.

Feki zipo, tena nyingi, hasa flashi na memori kadi. Lakini feki kwa kawaida imechezewa ili ionyeshe ukubwa wote ulioandikwa kwenye boksi, kwa hiyo kuangalia namba kwenye skrini hakukusaidii. Ijaze mafaili mpaka mwisho, kisha yafungue ya mwanzo na ya mwisho uone kama yanafunguka. Hiyo ya 931 ni TB 1 yako kamili, na ukitaka kuisema sawasawa, sema GiB 931.