Urani ya Namtumbo haitawasha taa yako

Swali tunaloulizwa sana kuhusu mradi wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, ni kama urani ikichimbwa umeme utashuka bei. Hautashuka, walau si kwa sababu hiyo. Urani ni fueli ya vinu vya nyuklia, na Tanzania haina kinu cha nyuklia cha kuzalisha umeme. Kinachotoka mtamboni ni unga wa njano, unaofungwa kwenye mapipa ya chuma na kupelekwa nje. Huko nako, kwa vinu vingi, hautumiki ulivyo: katika kila atomi 1,000 za urani ya asili, kama 7 tu ndizo za aina inayopasuka kwa urahisi, kwa hiyo hurutubishwa kwanza, yaani huongezewa kiwango cha atomi hizo.

Watu huliogopa pipa. Mionzi ya alfa ya urani huzuiwa hata na karatasi, sembuse chuma. Madhara huja ukivuta au kumeza vumbi lake. Mimi naogopa zaidi kinachobaki nyuma. Mwamba ukishasagwa na urani kutolewa, tope linalobaki huwa na takriban asilimia 85 ya mionzi ya awali, maana radiamu na wenzake, yaani elementi nyingine zenye mionzi zinazotokana na urani, hawakuondoka. Radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Basi ukienda mkutano wa kijiji usiishie kuuliza ajira. Uliza bwawa la topesumu litajengwaje, nani atapima maji ya visima, na majibu yatabandikwa wapi.

Umeme wetu mwingi unatoka kwenye maji. Bwawa la Julius Nyerere, Rufiji, lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Hiyo inazidi Koeberg ya Afrika Kusini, kituo pekee cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi barani hadi sasa. Nalo halikuja bure. Limemeza sehemu ya Selous, pori lilelile ambalo mpaka wake ulisogezwa mwaka 2012 kupisha urani. Tena mvua ni mvua, haina mkataba na mtu. Wakenya wanavuna jotoardhi Olkaria tangu 1981, sisi na Bonde la Ufa letu bado tunatafiti.

Halafu fungua ramani. Mto Mkuju uko ndani ya bonde la Rufiji. Maji yanayopita jirani na mgodi huteremka hadi Luwegu, na Luwegu huungana na Kilombero kuwa Rufiji, mto unaoingia Bwawa la Julius Nyerere.